Ruta ya Seremala na Meza Yake: Historia ya Chombo na Taabu ya Jina

Makala haya yamezaliwa na karatasi moja ya maelezo. Jirani yangu, seremala ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati uani kwake, alinunua mashine ndogo ya umeme ya kuchimbia na kupambia mbao, na ndani ya sanduku lake akakuta maelezo katika lugha sita, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alifurahi. Baada ya siku mbili aliniletea karatasi hiyo nimfasirie, maana Kiswahili chake kilikuwa kimemshinda. Naye ni mtu aliyelelewa katika lugha hii, wala hana nyingine anayoijua zaidi. Kichwa cha maelezo kilisema "Jedwali la Kipanga Njia". Chini yake msomaji aliagizwa akifunge kipanga njia chini ya jedwali, asimamishe uzio, kisha asukume kazi "kuelekea mzunguko".

Makosa mawili ya kwanza ni ya kuchekesha. La tatu ni la kukata vidole. Jirani yangu alikuwa amekwisha kulifuata kabla ya kuja kwangu: ubao ulinyakuliwa mikononi mwake ukaruka hadi ukutani, na lau si kwamba alikuwa akiusukuma kwa kijiti, habari hii ingeandikwa kwa sauti nyingine.

Tukianza na kichwa, hatuna budi kumtendea haki mfasiri, awe mtu au awe mtambo. Katika Kiingereza yako maneno mawili yaandikwayo kwa herufi zilezile, router, ambayo hayana asili moja. La seremala linatokana na kitenzi kielezacho kazi ya nguruwe afukuapo ardhi kwa pua yake. La wataalamu wa mitandao ya kompyuta linatokana na neno lenye maana ya njia ipitwayo, na hilo ndilo ambalo baadhi ya maandishi yetu ya kompyuta yameliita "kipanga njia". Tena neno la Kiingereza lenye maana ya meza ndilo hilohilo lenye maana ya jedwali; na kwa bahati mbaya chombo cha mtandao kweli kina jedwali lake la njia. Basi kila neno katika kichwa kile lilikuwa sahihi nyumbani kwake. Yalipokutanishwa katika kibanda cha seremala yakawa upuuzi.

Swali lililobaki kwetu ni hili: chombo hiki kiitweje, na sehemu zake ziitweje, ili maagizo yake yasomeke na kutendeka? Kulijibu kwa kufungua kamusi ya lugha mbili peke yake hakutoshi. Yafaa kwanza tutazame jinsi vyombo vya seremala vilivyopata majina yao hapa kwetu, kisha jinsi chombo chenyewe kilivyozaliwa huko kilikozaliwa.

Vyombo vya zamani na majina yake

Seremala wa pwani hakupata kuona haya kuazima. Randa ni neno la Waajemi lililopita pia katika lugha za Bara Hindi. Patasi na gundi zilikuja kutoka upande huohuo wa bahari. Msumari ni Kiarabu. Parafujo ni Kireno, na meza, neno ambalo leo hakuna mtoto wa Kiswahili anayelidhania kuwa geni, ni Kireno vilevile. Maneno haya yalishuka bandarini pamoja na vitu vyenyewe, yakaingia katika vinywa vya mafundi, na yalipofika kwa watunga kamusi wa karne ya 19 yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya lugha.

Lakini si yote yaliyoazimwa. Msumeno umebeba meno yake ndani ya jina. Kerezo, mashine ya kuchongea miguu ya vitanda na vishikio vya duara, imetokana na kitenzi kereza. Msasa ni mfano bora kupita yote. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukwaruzo mkali, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao. Ilipokuja karatasi iliyopakwa chembechembe za mawe, hakuna aliyeketi kuunda istilahi. Karatasi ilikuwa inafanya kazi ya jani, ikapewa jina la jani. Leo seremala wengi wananunua msasa dukani bila kujua kwamba kuna mti wa jina hilo.

Keekee nayo ina historia ya kufanana na hiyo. Kamusi za zamani zinaieleza keekee ya uta kwa sehemu zake zote: chuma chenye ncha, ambacho ndicho keekee yenyewe, msukano, yaani mti ulioshika chuma hicho, jivu, kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka, na uta, ambao kamba yake ilizungushwa kwenye msukano na kuvutwa huku na huku. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyotoboa mbao za mtepe, kile chombo cha bahari kisicho na msumari, kilichoshonwa kwa kamba za usumba. Kisha ikaja keekee ya mkono wa chuma, na baadaye ya umeme. Uta umekwenda, jivu limekwenda, msukano umesahauliwa, keekee imebaki. Imebaki kwa sababu jina halikufungwa na uta wala na mkono, bali na tundu linalotobolewa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa jambo hilihili, yaani jina kufuata kazi au kufuata umbo, ndilo lililoamua bahati ya majina ya ruta katika lugha nyingine.

Kutoka jino la bibi kizee hadi mota

Kabla ya umeme, maseremala wa Ulaya walikuwa na randa ya kuchimbia. Ilikuwa kipande cha mti chenye uwazi katikati, na kisu chembamba kilichochomoza chini yake kama jino pekee kinywani. Kazi yake haikuwa kulainisha uso wa ubao bali kusawazisha sakafu ya mfereji au ya nakshi, ili kina kiwe kimoja kote. Mchonga milango ya Lamu au Unguja anayeshusha chini ya maua yake kwa patasi ataielewa kazi hiyo mara moja. Mafundi wa Kiingereza waliitania randa hiyo kwa jina la "jino la bibi kizee". Katika miaka ya 1880 kampuni ya Stanley ya Marekani ilianza kuitoa ya chuma, namba 71, nayo ikaendelea kutumika katika karakana kwa miongo mingi.

Huo ni ukoo wa mama. Ukoo wa baba ni wa mashine kubwa. Mwaka 1793 Samuel Bentham, Mwingereza aliyepata kufanya kazi Urusi, alipewa hataza iliyoeleza mashine za mbao zenye visu vinavyozunguka. Miaka michache baadaye, katika gati ya kijeshi ya Portsmouth, Marc Isambard Brunel alibuni na Henry Maudslay akaunda mashine za kutengenezea kapi za merikebu. Kufikia mwaka 1808 zilikuwa zikitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wakifanya kazi iliyokuwa ya watu 110. Katika karne hiyohiyo ya 19 viwanda vya samani vikapata mashine yenye mhimili uliosimama wima, ukichomoza katikati ya meza ya chuma na kisu kikiwa juu yake. Fundi alisukuma ubao mezani kukipita kisu, na ukingo wa ubao ukatoka na umbo la kisu. Mashine hiyo ilikuwa nzito, ghali, na ilihitaji mikanda ya kiwandani. Seremala wa nyumbani hakuwa na lake katika jambo hilo.

Mambo yalibadilika mota ilipokuwa ndogo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, R. L. Carter wa jimbo la New York alianza kuuza mashine ya kushikwa mkononi. Husimuliwa kwamba ya kwanza aliitengeneza kwa mota ya mashine ya kinyozi. Stanley, ile iliyokuwa ikiuza randa ya kuchimbia, ilinunua biashara yake mwaka 1929. Hivyo jina la randa ya mkono likahamia kwenye mota. Karibu na mwaka 1950 kampuni ya Elu ya Ujerumani ilitoa mashine ambayo mota yake inateremka juu ya nguzo mbili, ili kisu kiweze kuzama katikati ya ubao bila kuanzia ukingoni. Chuma kigumu kupita kiasi cha ncha za visu, kilichoanza kuuzwa na Krupp katika miaka ya 1920, kilipofika katika zana za mbao kiliviwezesha visu kudumu hata katika miti migumu. Anayechonga mvule au mninga anajua faida yake.

Bado ilibaki hatua moja, nayo haikuwa ya mvumbuzi yeyote anayetajwa. Maseremala wa nyumbani waliichukua mashine ya mkononi, wakaipindua kichwa chini miguu juu, wakaifunga chini ya ubao wenye tundu, na kisu kikachomoza juu. Kwa gharama ya mbao chache wakawa wamepata ile mashine ya kiwandani yenye mhimili wa wima. Hiyo ndiyo meza ya ruta.

Majina ya wengine, na jina letu

Wafaransa waliiita mashine hii défonceuse, yaani kitu kinachochimbua na kutoa chini ya kitu. Wajerumani waliiita Oberfräse, yaani kikataji cha juu, kwa kuwa mota na kisu viko juu ya ubao. Sasa mtu na aipindue mashine aifunge chini ya meza: jina la Kifaransa bado ni la kweli, la Kijerumani limekuwa uongo, kwani kikataji cha juu kiko chini. Wajerumani wanaendelea kulitumia, na hakuna anayekufa kwa ajili yake. Lakini mwunda istilahi anayeanza upya hana sababu ya kulipokea kosa ambalo amekwisha kuliona.

Je, Kiswahili kina kitenzi cha kazi hii? Kinacho. Kukomba ni kutoa kilicho ndani hadi pakabaki uwazi: hukombwa dafu, hukombwa chungu, na ukombe ni chombo cha kukombea mti kama vile kinu. Nilipoanza kuandika nilidhani nitapendekeza "kikombeo" na kumaliza kazi. Nilikwenda kukijaribu kwa jirani yangu. Alikipima kinywani, akauliza: "Na nikipamba ukingo wa meza nakomba nini?" Sikuwa na jibu. Nusu ya kazi ya mashine hii ni kuchimba, nusu nyingine ni kuupa ukingo umbo, na kitenzi komba kinaishia nusu ya kwanza. Hata neno la Kiingereza lina upungufu huohuo, ila wao walikwisha kulizoea kabla upungufu haujaonekana.

Tena aliniambia kwamba yeye na wenzake wanaiita "ruta", na ndivyo anavyoitaja muuzaji wa vifaa. Nadhani hapo ndipo hoja inapokwisha. Waliozipokea randa, patasi na parafujo kwa mikono miwili hawawezi kuikataa ruta kwa kuwa imeazimwa. Na neno ambalo mafundi wanalo tayari lina nguvu kuliko lile tunalotaka kuwapa. Napendekeza basi ruta ibaki kuwa chombo cha seremala, na panapoweza kuzuka utata iandikwe kwa ukamilifu: ruta ya mbao. Chombo cha mtandao kina jina lake la kipanga njia, nalo linaeleza kazi yake vizuri. Na anayesema "ruta" akikusudia hicho na aongeze "ya mtandao". Meza ni meza. Jedwali libaki katika karatasi.

Meza, ubao wa kuongozea, na upande wa kusukumia

Jina la chombo ndilo lililo rahisi. Kazi kubwa iko katika maneno madogo yanayoambatana nacho, na hapa nitakwenda polepole, kwa kufuata namna meza yenyewe inavyotengenezwa nyumbani.

Uso wa meza waweza kuwa wa plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa gundi, jumla milimita 36, zenye upana wa kama sentimita 60 kwa 80. Sharti lake kuu ni unyoofu. Rula ndefu ikisimamishwa kwa ubavu wake juu ya meza, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, mwanga usipite chini yake. Katikati hukatwa nafasi ya bamba, aghalabu la aluminiamu, ambalo ruta hufungwa chini yake kwa parafujo. Bamba hukaa kwenye kingo za nafasi hiyo na kuinuliwa au kushushwa kwa parafujo ndogo za pembeni hadi uso wake ulingane na uso wa meza. Karatasi ya jirani yangu ilisema bamba "lisafishwe na meza". Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa sawasawa na uso, akachukua maana yake nyingine, ile ya kumwaga maji. Mtu aliyeliweka bamba lake juu kidogo ya meza, hata kwa unene wa ukucha, ataona ubao ukikwama katikati ya safari, na kukwama mbele ya kisu kinachozunguka si jambo la mchezo.

Uzio sasa. Neno hili limezagaa katika tafsiri za zana za mbao, nami naliona kuwa baya. Uzio wetu huzuia mbuzi. Ubao uliosimamishwa juu ya meza ya ruta hauzuii kitu; ubao unaofanyiwa kazi unauegemea na kuongozwa nao ukipita. Nilifikiria "egemeo", neno zuri, lakini vitabu vya fizikia vimekwisha kulichukua kwa ajili ya sehemu inayobeba wenzo. Napendekeza "ubao wa kuongozea". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini fundi halazimiki kuelezwa. Tena jina hilo linamfungulia mlango wa jambo ambalo maelezo mengi huliacha: ubao huu, tofauti na ule wa msumeno wa mezani, hauhitaji kwenda sambamba na ukingo wa meza, maana kisu ni cha duara na hakina upande. Waweza kufungwa kwa kibano huku na huku ukakaa mshazari, na mfuo ukatoka sawa.

Kisu nacho kisiitwe keekee. Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili, lakini keekee hukata kwa ncha ikitoboa, hali cha ruta hukata kwa ubavu. Shina lake huingia katika bomba dogo lenye mipasuo linaloshika linapokazwa. Mashine nyingi hupokea shina la robo inchi au nusu inchi, na za Ulaya la milimita 8. Maelezo husema shina lizamishwe hadi chini kisha lirudishwe juu milimita 2 au 3 kabla ya kukaza. Sentensi hiyo fupi mara nyingi huachwa na wafasiri wanaodhani ni ya ziada. Siyo: shina linalogusa chini huzuia kukaza kusikamilike, na kisu chaweza kupanda taratibu katikati ya kazi. Kabla ya yote hayo, waya wa umeme uwe umechomolewa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Kisha kuna kasi. Katika Kiingereza kuna neno moja kwa mzunguko wa kisu na jingine kwa mwendo wa ubao. Sisi tuna mazoea ya kusema "mwendo" kwa yote. "Punguza mwendo" katika karatasi ya ruta ni agizo lenye maana mbili, nazo zina matokeo tofauti. Kisu chenye kipenyo cha milimita 75 kikizunguka mara 24,000 kwa dakika, makali yake husafiri mita 94 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kikishushwa hadi mizunguko 10,000, makali huenda kama mita 39 kwa sekunde, karibu na yale ya visu vidogo. Ndiyo sababu visu vikubwa hutaka mzunguko mdogo, na ndiyo sababu ruta zenye kupunguza mzunguko, zilizoenea katika miaka ya 1980, zilifaa sana mezani. Lakini fundi akiambiwa "punguza mwendo" akapunguza mwendo wa mkono wake, kisu kinabaki na kasi yake ya hatari na ubao unaungua. Yaandikwe basi "kasi ya mzunguko" na "mwendo wa ubao", na maneno hayo mawili yasibadilishane hata mara moja katika kitabu kizima.

Sasa narudi kwenye lile kosa la tatu. Ruta inaposhikwa mkononi, mtu anayeitazama kutoka juu huona kisu kikizunguka kama akrabu za saa. Ikipinduliwa chini ya meza, mtu huyohuyo huona kisu kikizunguka kinyume cha akrabu za saa. Fundi amesimama mbele ya meza, ubao wa kuongozea ukiwa ng'ambo ya kisu. Upande wa kisu ulio karibu naye makali yanatoka kushoto kwake kwenda kulia. Hapana budi ubao utoke kulia kwake kwenda kushoto, ukutane na makali uso kwa uso. Hapo kisu hukata kidogo kidogo na mkono una mamlaka. Ukienda upande mmoja na makali, kisu huukanyaga ubao kama gurudumu na kuurusha, na mkono ulioushika hufuata.

Kiingereza cha karatasi ile, nilikilinganisha, kilisema wazi kwamba ubao usukumwe kuukabili mzunguko. Mfasiri aliandika "kuelekea mzunguko". Kwa masikio ya seremala, kuelekea ni kwenda uendako. Neno moja, kiungo tu, si istilahi ambayo kamati yoyote ingeijadili. Wala "kinyume na mzunguko" peke yake hakutoshi, kwani mtu hawezi kuona kisu kinazunguka upande gani kikiwa katika kasi ya mizunguko 20,000. Kinaonekana kama kivuli. Maagizo ya namna hii yatafsiriwe kwa mwili wa fundi: kutoka mkono wako wa kulia kwenda mkono wako wa kushoto. Baada ya hapo sababu yaweza kufuata, kwa anayetaka kuijua.

Kadhalika neno "mbele". "Ubao upite mbele ya kisu" humwacha msomaji akijiuliza kisu kinatazama wapi, maana chombo cha duara hakina uso. Mwingine atauona upande wa ng'ambo kuwa ndio mbele, akaupitisha ubao kati ya kisu na ubao wa kuongozea. Huko makali yanakwenda kulia kushoto, na ubao unaosukumwa kulia kushoto unanyakuliwa, hata kama fundi amefuata kwa uaminifu agizo la aya iliyotangulia. Iandikwe: ubao upite upande wako wa kisu, na kamwe usipite kati ya kisu na ubao wa kuongozea.

Karatasi ya jirani yangu niliiandika upya kwa kurasa mbili. Aliisoma mwenyewe akiwa amesimama mbele ya meza yake, akinyosha mkono wa kulia kisha wa kushoto kila alipofika kwenye maneno hayo, na alinisahihisha mahali pawili, kimojawapo kikiwa neno "kazi". Nilikuwa nimeliacha kama lilivyotafsiriwa, "sukuma kazi". Akasema kazi haisukumwi, husukumwa ubao.

Neno moja sikulipata. Lile bomba dogo lenye mipasuo linaloshika shina la kisu, jirani yangu huliita "kile kidude cha kukaza", na "kibano" nilichokitaka kimekwisha kutumika hapo juu kwa kitu kingine. Walimu wa vyuo vya ufundi walio na neno linalotumika katika karakana zao, hasa kama wanafunzi wanalielewa bila kuonyeshwa, wangefanya vema kulileta kwa Baraza, pamoja na jina la mahali linaposemwa.